Bwana Bata wa Ngamiani

Mjomba aliporudi kutoka baharini mwaka 1992 alishuka na begi la nguo, deki ya video aliyoiviringisha kwenye blanketi, na kanda tano. Mbili zilikuwa za ngumi, moja ya harusi ya watu wa Liverpool ambao hata yeye hakuwakumbuka vizuri, na mbili zilikuwa na maandishi ya wino kwa mkono wa mtu mwingine: Duckula 1 na Duckula 2. Rafiki yake wa bandarini alimrekodia kutoka kwenye televisheni ya Uingereza, matangazo ya biskuti na sabuni yakiwa humo humo, na matangazo hayo tuliyapenda karibu sawa na katuni yenyewe.

Kwetu ni Ngamiani, Tanga, katika moja ya zile barabara zenye namba badala ya majina. Wakati ule Bara hakukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi tulingoja hadi 1994. Mwenye seti aliitumia kwa deki tu. Seti yetu ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ya marehemu Babu, na ilibidi ipigwe kofi ubavuni kabla picha haijatulia. Hilo la nyeusi na nyeupe mlishike, lina kazi yake mbele.

Katuni yenyewe, hiyo Duckula, ilikuwa hivi. Kuna kasri la mawe huko Transylvania, makao ya ukoo wa mabata wanyonya damu. Mara moja kwa karne, mwezi ukiingia nyumba ya nane ya nyota ya Ndoo, mkuu wa ukoo aliyeuawa anaweza kufufuliwa kwa tambiko, na tambiko linataka damu. Safari hii Yaya, kuku mkubwa kama kabati, mkono mmoja umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, amekosea chupa. Ameleta tomato sosi. Kwa hiyo anayefufuka ni mnyonya damu asiyeitaka damu. Anataka sandwichi za brokoli. Anataka kuwa mwanamuziki, au tajiri, au nyota wa sinema, chochote kile ila alichozaliwa kuwa. Mtumishi wake Igor, tumbusi mzee mwenye sauti ya kaburini, anaona aibu mpaka mabega yanamshuka, maana amewahudumia mabwana wakatili tangu zamani na sasa amepewa huyu. Nje yupo bata bukini mmoja, Daktari Von Goosewing, anayezunguka na mitambo yake akimwinda mnyama hatari ambaye hayupo.

Ilitengenezwa na studio ya Cosgrove Hall ya Manchester, ikaanza kuonyeshwa Uingereza Septemba 1988 na kufikisha vipindi 65 ilipokoma mwaka 1993. Sauti ya bata ilikuwa ya David Jason. Hayo nimeyajua ukubwani. Sisi tulisikia sauti moja tu, nayo ni ya Mjomba.

Alisimama pembeni ya seti akatafsiri, kama Lufufu alivyokuwa akiwatafsiria filamu watu wa Dar es Salaam, isipokuwa Lufufu alikuwa na maikrofoni na Mjomba alikuwa na sigara. Kiingereza chake kilikuwa cha melini: amri, matusi na majina ya vyakula. Palipomshinda alijaza mwenyewe, na nina hakika nusu ya visa nilivyovipenda havikuwamo kabisa kwenye kanda. Brokoli hakuna aliyekuwa akiijua, ikawa mchicha. Transylvania aliiacha ilivyo, na mdogo wangu akaamini kwa muda mrefu kwamba ni mahali unapopafikia ukiipita Muheza.

Tabu ilikuja kwenye cheo. Bata yule alikuwa mtu wa enzi, na Mjomba akaona neno linalomfaa ni mwinyi, maana pwani mwinyi ni mtu mwenye ukoo na mahali pake.

"Basi Mwinyi Bata akaamka..."

Bibi alikuwa nyuma yetu anapepeta mchele. Akausimamisha ungo.

"We mwanangu una wazimu? Unamwita bata Mwinyi, Rais wa nchi hii nani?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mjomba akachungulia nje, kulia na kushoto.

"Haya mama, Jumbe Bata."

"Na Jumbe umemsahau? Si juzi tu alikuwa Rais wa Unguja?"

"Sultani..."

"Hebu nenda nayo hiyo Sultani. Utafika nayo mbali."

Ndipo akawa Bwana Bata. Siku hizi nikiwasikia vijana wakisema wanakula bata, kwa maana ya kustarehe, namkumbuka yeye, kwa sababu sijaona kiumbe aliyetaka kustarehe kama yule.

Neno la pili halikumpa Mjomba shida hata kidogo, na ndilo lililotuponza. Mnyonya damu kwetu alikuwa na jina tayari. Mumiani.

Waliozaliwa juzi nawaambia kidogo. Mumiani lilianza kuwa jina la dawa, kitu cheusi kama lami kilichotoka nchi za Waajemi, watu wakikitumia hasa kwa mifupa iliyovunjika. Shina lake ni lile lile la mumia, maiti za Misri zilizokaushwa. Pwani ikasemwa kwamba dawa ile inatokana na damu ya watu, kisha jina likahama kutoka kwa dawa kwenda kwa anayeikamua hiyo damu. Wakati wa Mwingereza mumiani akapanda gari. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, kote watu walisema ni wazimamoto, kwa sababu gari lao jekundu na mipira yao mirefu. Huko Katanga wao walimwita mutumbula. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, aliandika kitabu kizima juu ya habari hizi mwaka 2000, na nilipokisoma nilihisi namsikia Bibi.

Maana Bibi alikuwa na hadithi zake. Kijana aliyetumwa sukari asirudi. Shimo lililochimbwa usiku. Watu walioning'inizwa kichwa chini. Alizisimulia bila kupaza sauti, mikono ikiendelea na kazi, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Na kweli zilikuwa ramani. Kuvuka reli kwenda mjini baada ya magharibi, mumiani. Kwenda peke yako ufukweni, mumiani. Kuingia kwenye pagale la mwisho wa barabara yetu, nyumba iliyojengwa mpaka kwenye linta mwenyewe akaishiwa au akafa, mumiani kwa hakika. Ukiyaunganisha makatazo yote kwa mstari unapata mpaka wa dunia yetu, na nje ya mpaka huo ndiko alikokaa yeye. Hakuwa na nyumba. Hakuwa na jamaa. Alikuwa na kazi, gari na mshahara.

Sasa tazama alicholeta Mjomba. Mumiani mwenye anwani. Mwenye kasri, mtumishi, saa ya ukutani yenye popo wawili ndani wanaotoka kutaniana kwa vichekesho vibovu, mababu wenye picha ukutani, na yaya anayepita milangoni bila kuifungua. Kila jioni tulimwona akibembelezwa ale. Bibi alitazama kipindi kizima cha kwanza, kile cha kwenda Misri kutafuta saksafoni ndani ya piramidi, kisha akatoa hukumu:

"Huyu si mumiani. Mumiani hana yaya."

Akarudi kwenye mchele wake. Lakini kesho yake alikuja na kiti.

Kilichotuvutia zaidi ni kwamba kasri lilisafiri. Bwana Bata aliingia kwenye jeneza lililosimamishwa wima, akataja anakotaka, na jumba zima likang'oka na kutua huko. Alfajiri ya Transylvania ikifika, lazima lirudi lilikotoka, awe amemaliza shughuli zake au hajamaliza. Wiki ile ile tuliliingia pagale. Sikumbuki nani alitangulia. Nakumbuka harufu ya popo na mkojo wa mbuzi, na mpapai uliojiotea katikati ya sebule. Kabati bovu lililotupwa na jirani tulilikokota mpaka ndani, likawa jeneza. Tulikwenda Mombasa, London, na Muscat, kwa sababu watoto wawili wa mtaani walikuwa na shangazi yao Omani na wakatueleza kwamba huko barabarani hakuna mashimo, jambo tulilolikataa kata kata. Kasri la Bwana Bata lilirudi alfajiri. Letu lilirudi kwa adhana ya magharibi, na aliyechelewa kutoka alichapwa kwao.

Mtaa wote tukaupa majina upya. Nyumba ya fundi cherehani ikawa kwa Von Goosewing, kwa sababu ya miwani yake. Kibaraza cha wazee wa bao kikawa kijiji cha chini, cha watu wanaoogopa kasri. Wenyewe hawakujua.

Mimi nilitaka kuwa Igor. Nilikuwa na sauti nzito kuliko wavulana wote, na nilimwelewa Igor, hasira yake ya kimya. Wakasema mimi msichana, basi mimi Yaya. Nimewasamehe wote ila mmoja. Kwa hiyo nikaamua nitakuwa Yaya kweli kweli, na siku moja, mbele ya watoto kama kumi na watano, nililikimbilia bao la plaiwudi lililoziba mlango wa nyuma wa pagale. Katuni haisemi kwamba nyuma ya plaiwudi watu huwa wamepigilia magogo.

Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiwiko cha kushoto. Hospitalini waliuweka sawa wakaufunga plasta, wakauning'iniza kwa kitambaa shingoni, na mdogo wangu aliponiona natoka nimefungwa vile alicheka mpaka akakaa chini. Yaya mtupu. Muuguzi alinitoboa kidole kupima malaria, nikapiga kelele za mumiani korido nzima ikasikia. Watu wengine walicheka. Wengine, niliwaona, hawakucheka.

Katika korido hiyo hiyo kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akimsimamisha kila mwanamume anayepita. Binti yake alikuwa amejifungua na alihitaji damu, na ndugu waliokuja naye walikuwa wametoweka mmoja mmoja, huyu kasema anakwenda kununua chai, yule anafuata baiskeli. Wakati ule damu ya mgonjwa ilitoka kwa jamaa zake, na kama jamaa hawataki, hakuna. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa Mama sigara zake amshikie, akaingia chumba cha pili. Alitoka na pamba kwenye mkono na soda ya orenji, ambayo mimi na mdogo wangu tuliimaliza. Mdogo wangu akamuuliza kwa nia njema kabisa:

"Mjomba, si mngempa tomato?"

Nyumbani Bibi hakusema naye mpaka baada ya isha. Kisha akatoka, akarudi na robo ya maini aliyoikopa kwa muuza nyama, akayakaanga kwa kitunguu na ndimu, akamwekea Mjomba peke yake. Alimsimamia mpaka sahani ikawa tupu. Neno moja la lawama hakumwambia, na la sifa pia hakumwambia.

Habari ilifika mtaani kabla ya maini kuiva. Sijui ilipitia wapi. Asubuhi ya pili mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe kwenye mkeka wetu akiwa amemshika sikio, na salamu ya Mama hakuiitikia. Baada ya siku tatu watazamaji wetu wa jioni, waliokuwa wakijaza chumba mpaka ukumbini, wakabaki sita. Maneno tuliyapata kwa watoto wenzetu, maana watoto hawajui kuficha. Mjomba wenu kauza damu. Wamempa shilingi ngapi? Baharia gani anarudi na deki mpya na redio, meli zenyewe siku hizi haziajiri watu? Damu ya watoto inakwenda Ulaya, ndiyo maana anawakusanya kila jioni, na mmoja keshavunjwa mkono tayari.

Na ushahidi ulikuwepo. Watu waliochungulia dirishani walikuwa wameuona kwa macho yao. Kwenye seti yetu damu na tomato sosi ni kitu kimoja, cheusi. Kujua kwamba chupa aliyoishika Yaya ni ya tomato ilibidi umwamini Mjomba. Aliyekuwa nje, asiyesikia tafsiri, aliona joho jeusi, jeneza, mishumaa, na kitu cheusi kikimwagwa, na watoto wa Waislamu wameketi mbele yake wanacheka.

Mjomba hakubishana na mtu. Nadhani alidharau, na pengine lilikuwa kosa. Alichofanya, na Mama hakuwahi kumsamehe, ni kuvaa buibui la Bibi siku moja jioni, akasimama mlangoni na taa ya chemli usoni, akawalilia wapita njia kwa sauti ya bata. Ilichekesha watu sita na kuwatia hofu waliobaki. Kesho yake ukutani kwetu palikuwa na neno kwa mkaa, MUMIANI, herufi kubwa. Mama alilipaka chokaa. Mvua ikinyesha lilionekana tena.

Nilikaa na mkono wangu shingoni wiki sita katika nyumba ambayo watoto waliipita mbio. Usiku, nikiwa macho, niliwaza kwamba sasa tunaishi kasrini hasa. Tulikuwa na Igor, tulikuwa na Yaya, na tulikuwa na bwana asiyeuma mtu ambaye mtaa mzima umeshasadiki anauma. Von Goosewing walikuwa wengi. Jambo moja tu lilikosekana: nyumba yetu haikung'oka. Asubuhi ilikuwa pale pale, na Mama alilazimika kwenda kununua vitumbua kwa mtu wa barabara ya tatu kutoka kwetu, kwa sababu muuza vitumbua wa kwetu alikuwa akimwambia vimekwisha na bado vinaonekana kwenye beseni.

Yule binti wa korido nilisikia alipona. Baba yake alikuja kutushukuru, kuku wawili mkononi, akaulizia nyumba yetu pale kibarazani kwa wazee wa bao na kuwaeleza aliyotendewa. Wazee walimwonyesha njia. Mimi kwa utoto wangu nilitazamia maneno yataisha siku hiyo. Hayakuisha, yaliongezewa kwamba tumeletewa kuku wa malipo.

Mjomba alipata meli mwanzoni mwa 1993 akaondoka. Baada ya mwezi mumiani akawa mtu aliyekuja kupima viwanja, na sisi tukarudi kuwa majirani, hakuna aliyeomba radhi wala aliyekumbushwa. Muuza vitumbua alimletea Bibi sahani ya Idi. Mwaka uliofuata televisheni zikaanza Dar es Salaam, kisha zikafika Tanga, na vijana wakapanda juu ya mabati kugeuza antena. Siku hizo hizo nilikwenda kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, Dar, akiwa na seti ya rangi, nikapeleka kanda yangu. Bwana Bata ni wa kijani! Kijani cha jani la mgomba. Nilikaa kimya muda. Na tomato ni nyekundu kabisa, mtoto wa miaka miwili angeitambua.

Transylvania nayo niliipata kwenye atlasi ya shule, ipo Romania, mahali pa kweli penye miji na mahindi. Bram Stoker, aliyeipa sifa hii ya wanyonya damu kwa riwaya yake ya 1897, hakuwahi kufika huko, aliisoma vitabuni. Najiuliza majirani wa kule wanajisikiaje, kuishi mahali ambapo wageni wanashuka kwenye basi wakitafuta meno. Nadhani nami ningeweza kuwajibu kidogo.

Studio ya Cosgrove Hall ilifungwa mwaka 2009, na Mark Hall, mmoja wa waanzilishi wake wawili, akafariki mwaka 2011. Mjomba alizikwa Tanga, si baharini kama alivyokuwa akitutisha. Pagale lilipata mnunuzi. Sasa ni nyumba ya ghorofa moja yenye duka la vifaa vya simu chini. Kanda ya Duckula 1 ninayo, ina ukungu, hakuna deki ya kuichezesha.

Duckula 2 iliazimwa na mtu wa mtaani kabla Mjomba hajavaa lile buibui, na wakati wa maneno yale hakuna aliyethubutu kuileta wala sisi kuifuata. Bibi aliwahi kuniambia ni nani. Sitamtaja. Kama anasoma hapa, au wanawe wanasoma, nyumba ni ile ile, mlango umepakwa rangi ya bluu. Aje nayo, hata kama imekatika.